Anasikia Darasani, Jioni Hana Kitu

Mwezi huu tuache kidogo habari za mgao na za maji, tuongee jambo linalotuumiza kimya kimya. Nimelisikia kisimani, nimelisikia kwenye foleni, na maneno ni yale yale: "Mwanangu ana kichwa kizito. Shule anakwenda kila siku, akirudi ukimwuliza wamefundishwa nini, hana kitu."

Jirani yangu mmoja, mvuvi aliyekimbia na watu wake kutoka upande wa Mocímboa da Praia mwaka 2020, alikuja kwangu jioni moja na neno hilo. Binti yake ana miaka 11, yuko darasa la tatu, na kutoka shuleni ameletewa habari kwamba mtoto hafuati. Anakaa, anatazama, akiulizwa anatabasamu tu.

"Dada, huyu nimtoe," akaniambia. "Akae na mama yake ajifunze kazi. Na kuna mtu ameshamwulizia."

Sisi wa pwani tunajua kumwulizia mtoto wa kike maana yake nini. Nikamkumbusha kwamba Msumbiji tangu mwaka 2019 ina sheria, namba 19 ya mwaka huo, inayokataza kumwoza mtoto aliye chini ya miaka 18. Akanitazama kama mtu anayesomewa tangazo la redio. Basi nikaacha sheria, nikamwomba kitu kidogo zaidi. Nikamwambia, "Kaka, nipe wiki mbili nimjue huyu mtoto. Ukitaka kumtoa, utamtoa baadaye."

Siku ya pili nikamwita binti, nikamtuma dukani kwa lugha yake, Kimwani, bila kuandika chochote: alete chumvi, kiberiti na vitunguu viwili, na akirudi apite kwa bibi yake amwambie wavuvi wamesharudi. Mambo manne. Alikwenda, akarudi, kila kitu sawasawa, hata chenji. Bibi akapata salamu zake. Sasa niambie, kichwa kizito kiko wapi hapo?

Nikamjaribu tena, safari hii nikamwambia mambo mawili tu kwa Kireno, vile wanavyosemeshwa darasani. Akasimama. Tabasamu lile lile. Nikamwuliza taratibu, mwalimu akiingia huwa anasema nini kwanza? Akasema, "Anamwita Escutem." Yaani mtoto amekaa darasani karibu miaka mitatu akidhani kuna mwenzao anaitwa Escutem, mtundu sana huyo, maana mwalimu anamwita kila mara na kwa ukali. Kumbe mwalimu anawaambia "sikilizeni." Tulicheka wote wawili, lakini usiku sikupata usingizi vizuri.

Ngoja nieleze jinsi ninavyolielewa jambo hili. Watu wanaochunguza akili wanasema kwamba tunapomsikiliza mtu, maneno yake hayaendi moja kwa moja kwenye ghala la kumbukumbu. Yanapita kwanza mahali padogo, kama kiganja cha mkono, yanashikwa hapo kwa sekunde chache. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba kiganja hicho kinabeba kama vitu saba, kuzidi au kupungua viwili. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan akasema saba ni nyingi, mtu mzima anashika kama vinne tu. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Kisichopata maana haraka kinamwagika, kingine kikija kinakisukuma nje.

Sasa chukua neno mvua. Mtoto wetu akilisikia ni kitu kimoja, tena kina harufu na matope. Lakini mwalimu akisema "precipitação" kwa mtoto asiyelijua, halimfikii kama neno moja. Linafika vipande vipande: pre, ci, pi, ta, ção. Vipande vitano, kiganja kimejaa, na sentensi bado inaendelea. Mwalimu yuko mbele, mtoto bado anaokota cha kwanza. Maandishi unaweza kuyarudia, sauti ikishapita imepita. Ndiyo maana mtoto huyo huyo anayebeba mambo manne hadi dukani anashindwa kubeba mawili darasani.

Wazee wengine hapa watasema, mbona chuoni anahifadhi sura za Kurani, na Kiarabu hakijui? Swali zuri, na mimi nililiuliza. Tazama chuoni wanavyofanya. Aya moja inasomwa leo, kesho, keshokutwa, kwa sauti, kwa mahadhi, wote pamoja, na maneno ni yale yale bila kubadilika hata herufi. Mwalimu haendi mbele mpaka umeshika. Darasani kitu kinasemwa mara moja au mbili, kesho ni somo jingine, na mtihani unauliza kwa maneno mengine kabisa. Chuo kinatuonyesha kwamba watoto wetu kumbukumbu wanayo tele. Wanachokosa shuleni ni marudio, na maana.

Huku kwetu, kutoka mto Ruvuma kushuka Palma mpaka Mocímboa, mtoto anazaliwa katikati ya lugha nyingi. Kuna Kimwani, kuna Kimakonde, kuna Kiswahili cha ndugu zetu wa Mtwara, kuna Kimakua. Kireno kwa wengi wetu hakimo jikoni, mtoto anakutana nacho mlangoni mwa shule. Serikali yenyewe inalijua hilo. Ilijaribu kufundisha kwa lugha mbili huko Gaza na Tete tangu 1993 mpaka 1997, na mtaala wa mwaka 2003 ukafungua mlango kwa mikoa mingine. Kimwani, Kimakonde na Kimakua ni miongoni mwa lugha zinazoruhusiwa. Mpango ni mtoto aanze kusoma na kuandika kwa lugha ya nyumbani, huku akijifunza kusema Kireno, halafu kufika darasa la nne Kireno ndicho kinashika usukani.

Mpango mzuri. Lakini vita tangu Oktoba 2017 vimetuchanganya. Shule zimechomwa, walimu wamekimbia kama sisi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia Quitunda, na familia za kila lugha zikajikuta mahali pamoja. Ukiweka watoto wa lugha nne chini ya turubai moja, na mwalimu aliyetoka mkoa wa mbali, huyo mwalimu afundishe kwa lugha ya nani? Kwa hiyo tusimrukie mwalimu kwa maneno makali. Naye amepewa mzigo.

Basi mimi nikajiona nimemaliza kazi. Nikamwambia jirani, mwanao hana tatizo, tatizo ni Kireno. Nilijivuna mapema.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa na binti, upepo wa kusi unapiga turubai, watoto wanapiga kelele nje. Nikamsemesha kwa Kimwani, Kimwani chake mwenyewe, na mara mbili akasema "nini?" Mara ya tatu nikaona anageuza kichwa, ananiletea sikio la kulia. Nikamwita mama yake. Mama akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Hilo la kushoto linatoa usaha tangu tulipokuwa porini. Linakauka, linarudi. Nilimtilia mafuta."

Tangu porini, yaani tangu 2020!

Dukani nilimtuma tukiwa wawili, karibu, asubuhi kimya, akasikia. Darasani wako wengi mno, upepo, kelele, mwalimu anageukia ubao, na mtoto ana sikio moja. Sisi watu wazima tukikosa neno moja katika kelele tunalijaza wenyewe kwa sababu lugha tunaijua. Mtoto hana cha kujazia, na kwa lugha ya kigeni ndiyo kabisa. Kwa hiyo yalikuwa mambo mawili yamepandana, na mimi nilikuwa nimeona moja.

Tulikwenda naye hospitali. Mwuguzi alitueleza kwamba sikio likitoa usaha kwa wiki mbili au zaidi, hilo limeshakuwa la kudumu, linaharibu usikivu polepole, lakini linatibika. Kazi kubwa ni kulikausha. Unachukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, unakisokota kama utambi, unakiingiza taratibu, kikilowa unakitoa, unaweka kingine mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Halafu ndipo yanatiwa matone aliyoyatoa mwuguzi mwenyewe. Usiache kitambaa ndani. Usitie mafuta ya nazi, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Na mtoto asipige mbizi baharini mpaka apone, jambo ambalo kwa watoto wa pwani ni adhabu kubwa kuliko dawa. Ukiona nyuma ya sikio pamevimba na panauma, usingoje kesho, nenda siku ile ile.

Nimewaeleza haya kwa urefu kwa sababu tangu siku ile nimeuliza nyumba za jirani, na masikio yanayotoa usaha ni mengi kuliko nilivyodhani. Tunayaona kama mafua.

Kuna watoto ambao masikio ni mazima na lugha wanaijua, lakini maneno hayakai. Wengine ni hofu. Mtoto aliyeona nyumba ikiwaka, mwili unakaa darasani lakini masikio yako njiani yanasikiliza kama kuna anayekuja. Helikopta ikipita, somo limekwisha. Huyo usimwulize habari za hesabu kabla hujamwuliza analalaje usiku. Wengine ni njaa, au malaria ya kila mara inayomaliza damu. Na malaria iliyopanda kichwani, hata ikipona, inaweza kumwachia mtoto ugumu wa kukumbuka. Mwambieni mwalimu historia hiyo, asidhani ni uvivu.

Na wako wachache ambao wamezaliwa na kiganja kidogo tu. Ukimtuma mambo matatu kwa lugha ya mama yake, pakiwa kimya, analeta la mwisho peke yake, na ni hivyo tangu mdogo. Si mjinga, si jini, wala hakurogwa. Huyo anaweza kuwa na akili nzuri ya mikono na macho. Mtume jambo moja, likiisha mpe la pili. Mwambie alirudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Ahesabu kwa vidole: kidole gumba chumvi, cha pili kiberiti. Kumchapa kunajaza kiganja hofu, na nafasi ya somo inazidi kupungua.

Mama mmoja aliniuliza, sasa mimi nisiyejua Kireno nitamsaidiaje? Utamsaidia sana. Acha swali la "mmefundishwa nini," hilo ni kubwa mno hata kwangu. Mwulize, "Leo neno gani mwalimu amelisema mara nyingi?" Akilitaja, tafuteni maana pamoja, kwa kaka yake au kwa jirani, halafu mwambie akueleze kwa lugha yenu kama anamfundisha bibi. Asubuhi kabla hajatoka mwulize tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 kwamba tulichojifunza kinatoroka haraka zaidi katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, na kila tukikirudia kinakaa zaidi. Kwa hiyo dakika chache za jioni, wakati unachambua samaki, zina thamani.

Na kwa walimu wanaosoma jarida hili, naomba kwa heshima: neno jipya liandikwe ubaoni, sentensi ziwe fupi, maagizo yatolewe moja moja, na mara mojamoja waacheni watoto waelezane kwa lugha zao. Kelele kidogo itakuwepo, najua.

Binti wa jirani yangu sasa anakaa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia limwelekee mwalimu. Mwalimu alikubali mara moja alipoelezwa, alikuwa hajui tu. Sikio limekauka, ingawa usikivu wa upande ule haujarudi wote. Kireno bado kinamsumbua. Wiki iliyopita alirudi na maneno matatu, akaniandikia mchangani kwa kijiti, mawili yalikuwa sahihi.

Baba yake hajaniahidi kitu. Amesema tungoje matokeo ya mwisho wa mwaka. Lakini juzi yule mtu aliyemwulizia alipita tena, na mimi nilikuwa hapo nje natwanga. Nilimsikia jirani akimjibu, "Huyu yuko shule. Nenda zako kwanza."