Moyo wa paka ukivuma, usikimbilie dawa: tafuta daktari

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, paka ni mwenyeji kama wenyeji wengine. Hulala kwenye baraza za nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni, na wavuvi wanapoteremsha samaki karibu na Bandari ya Kale, yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Waislamu wengi wa mwambao wamelelewa wakisikia habari za Abu Huraira, sahaba wa Mtume ambaye lakabu yake ina maana ya baba wa kipaka. Kumlisha na kumtunza mnyama huyu si jambo geni kwao.

Mapenzi hayo, hata hivyo, hupata mtihani siku paka wa nyumbani anapopelekwa kuchanjwa au kufungwa kizazi, kisha daktari, baada ya kumsikiliza kifuani, akatamka kwamba moyo wake unavuma. Wenye paka huduwaa. Je, atakufa? Apewe dawa gani? Na ni nani wa kuaminiwa?

Sauti, si ugonjwa

Moyo wenye afya hutoa sauti mbili fupi kila unapopiga, vali zake zinapojifunga. Mvumo ni sauti ya ziada inayosikika kati ya hizo, mfano wa maji yanayopita kwa kasi katika mfereji mwembamba. Hutokea damu inaposukasuka badala ya kupita kwa utulivu.

Madaktari huupima mvumo kwa daraja 1 hadi 6. Ule wa daraja la 1 husikika kwa shida, nao wa daraja la 6 husikika hata kifaa cha kusikilizia kikiinuliwa kidogo kutoka kifuani.

Lakini kwa paka, ukubwa wa sauti si kipimo cha ukubwa wa hatari. Moyo wake hupiga mara 140 hadi 220 kwa dakika, na hofu ya kushikwa na mgeni peke yake yaweza kuzua mvumo ambao hautakuwapo akitulia. Kinyume chake, wapo paka wenye moyo mgonjwa usiotoa mvumo wowote. Ndiyo maana daktari makini hatoi hukumu kwa sikio tu, bali hutaka moyo upigwe picha kwa mashine ya ultrasaundi.

Visababishi

Ugonjwa wa moyo unaowapata paka zaidi ni ule wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi, hata nafasi ya damu ikapungua. Mwaka wa 2005 wanasayansi walitambua kasoro ya jeni inayousababisha katika paka wa aina ya Maine Coon, lakini hata paka wa kawaida wa mitaani hupatwa nao.

Si kila mvumo unaotokana na moyo wenyewe. Viroboto, ambao hustawi katika joto na unyevu wa pwani, waweza kumnyonya kipaka hadi akaishiwa damu, na damu ikiwa nyepesi moyo huvuma. Homa na maradhi ya tezi kwa paka wazee huweza kuleta hali hiyo hiyo.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mwaka wa 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, walionyesha kwamba paka wanaokosa kirutubishi kiitwacho taurini hupanuka moyo na kudhoofika, na kwamba wengi wao walipata nafuu walipopewa. Kirutubishi hicho kimo katika nyama na samaki, wala mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Anayelishwa wali au ugali mtupu yumo hatarini.

Nani daktari?

Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inamkataza mtu kutibu wanyama bila kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Anayeuza dawa dukani si lazima awe daktari. Mwenye paka ana haki ya kuuliza nambari ya usajili na kuithibitisha kwa bodi.

Aidha, aulize kama daktari huyo amezoea kutibu paka, kwa kuwa aliyebobea katika ng'ombe na mbuzi huenda asiwe na vifaa vya mnyama mdogo. Aulize pia kama ana mashine ya ultrasaundi au humtuma mgonjwa wapi, na nani hupatikana usiku. Kama paka anatarajiwa kupasuliwa, habari ya mvumo itajwe mapema, maana dawa ya usingizi huulemea moyo mgonjwa.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kumpa paka dawa za binadamu kwa kubahatisha. Kidonge kimoja cha panadol chaweza kumuua.

Dalili za hatari

Nyumbani, kipimo bora hakigharimu hata senti. Paka akiwa usingizini, hesabu mara anazopumua kwa dakika moja; kifua kupanda na kushuka ni mara moja. Aghalabu huwa chini ya 30. Zikizidi hapo siku baada ya siku, daktari aarifiwe.

Paka anayehema kinywa wazi, au ambaye miguu ya nyuma imepooza ghafla na kuwa baridi huku akilia kwa maumivu, ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo. Hali hiyo ya pili huashiria kwamba donge la damu limeziba mshipa.

Atiwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, kifunikwe kwa leso nyepesi ili atulie, wala asiachwe ndani ya tuktuk au gari lililoegeshwa juani. Anayeishi kisiwani ajue kabla ya dharura kama daktari wake yuko upande huu au ng'ambo ya daraja la Nyali, kwani msongamano wa magari haumngojei mgonjwa.

Paka wengi wenye mvumo huishi miaka mingi bila tatizo. Wanaoponea ni wale ambao wenyewe walijua mapema sauti ile inatoka wapi.