Mdundo Mmoja, Sauti Nyingi: Ridimu ya Rege na Suala la Umiliki

Katika muziki wa rege wa Jamaika, ridimu ni zaidi ya mapigo ya ngoma. Ni mfuatano wa noti za besi uendao sambamba na ngoma, ukisaidiwa na gitaa na kinanda, kiasi kwamba msikilizaji mzoefu huutambua kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Ridimu moja huweza kubeba nyimbo nyingi za waimbaji mbalimbali, wala anayeitumia baada ya mwenzake hahesabiwi kuwa mwigaji.

Mfano mzuri ni ridimu ya "Satta Massagana". Kundi la The Abyssinians liliurekodi wimbo huo mwaka 1969 katika Studio One, jijini Kingston. Mwenye studio, Clement Dodd, hakuutoa. Kundi lenyewe likautoa mwaka 1971 kwa lebo yake, Clinch. Wimbo wa asili ni wa ibada na wa kuitamani nchi ya mbali. Juu ya mdundo huohuo, Peter Tosh aliimba "Here Comes the Judge", ambamo wavamizi wa kihistoria wanapandishwa kizimbani, akiwemo Vasco da Gama, ambaye pwani ya Afrika Mashariki inamkumbuka tangu mwaka 1498. Big Youth naye aliutumia kughania sala. Msingi ni ule ule. Kauli ni tatu.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Utenzi wa Tambuka, wenye tarehe ya 1728, husimulia vita. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa bintiye. Tungo zote mbili zimejengwa kwa ubeti wa vipande vinne vya mizani nane. Hakuna aliyemshutumu Mwana Kupona kwa kuazima umbo hilo. Alipimwa kwa aliyoyasema ndani yake.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake. Umbo la utenzi ni kipimo, na kipimo hakina mwenyewe. Ridimu, kinyume chake, ilipigwa na mikono ya wanamuziki fulani, siku fulani, katika studio fulani. Mara nyingi wapigaji hao walilipwa ujira wa mara moja, ilhali kazi yao iliendelea kuuzwa chini ya sauti za wengine. Jamaika ilitunga sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 1993, wakati ridimu nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika kwa miongo miwili na zaidi.

Kwa hiyo mapokeo ya kushirikiana yanahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Jicho moja lione utajiri wa sauti nyingi zinazojibizana juu ya msingi mmoja. Jingine limtafute aliyeujenga msingi huo, kwani kushirikiana kwa haki huanza kwa kumtaja.