Petroli Iliyoghushiwa na Boti Kuukuu

Kisii na Nyamira hazina ufuo, lakini jamaa zetu wa huko huteremka hadi Mbita kupanda boti za Mfangano. Injini kuukuu ikizimika katikati ya ziwa, na watoto wamo, twashuku kwanza petroli.

Maji hujifichua: petroli ikitulia katika chupa ya kioo, maji huzama chini. Hila ni mafuta ya taa, yanayochanganyika nayo kabisa. Tone la petroli safi hukauka karatasini bila alama; lililoghushiwa huacha doa.

Mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kukomesha ulaghai huo. Aliyelipa ni mama mwenye stovu.

Mafuta machafu yatolewe yote tangini, yasimwagwe ziwani, na kichujio kibadilishwe kabla abiria hawajapanda.