Mintarafu ya Rangi za Shimesikio

Juu ya meza yangu ya kazi pana pete ya chuma mfano wa ile ya kutungia funguo, nayo imetungwa vipande kumi na kitu vya plastiki, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na rangi yake mbali: cheusi, cha kijivu, cha hudhurungi, cha fedha, cha buluu ya bahari, cha zambarau, cha waridi, cha kijani cha jani la mgomba, na kimoja kilichopauka, kati ya maziwa na manjano, ambacho tangu zamani katika kazi hii tumekizoea kwa jina la rangi ya ngozi. Katika miaka yote niliyopima masikio ya watu na kuwavika shimesikio, yaani vyombo vya kusikilizia, aghalabu mzazi aliyekwisha kubali kwamba mwanawe hasikii sawasawa huishika pete ile, huigeuza mara mbili tatu, huteremsha sauti kana kwamba ukuta nao una masikio, kisha husema: "Daktari, tafadhali, tupe ile isiyoonekana."

Ombi hilo silidharau hata kidogo. Mzazi yule hamwonei haya mtoto wake. Anamhofia macho ya watu, ulimi wa watu, na kicheko cha wenzake darasani, na hofu ya namna hiyo ni sehemu ya mapenzi. Walakini, nikikitwaa kile kipande cha rangi ya ngozi nikakilaza nyuma ya sikio la mtoto mwenyewe, mara moja hudhihirika kuwa jina lake si la kweli. Sisi watu wa pwani tuna majina mengi ya rangi za watu, tunamjua mweupe, tunamjua maji ya kunde, tunamjua mweusi na mweusi tititi, na katika hao wote hapana hata mmoja ambaye ngozi yake inafanana na plastiki ile iliyopauka. Ilikadiriwa kwa ngozi za Wazungu, na nyuma ya sikio la mtoto wa maji ya kunde hung'aa kama kauri juu ya mchanga wa maji. Aliyetaka kuficha amefichua, na fauka ya hayo amemvika mwanawe rangi ambayo si yake na wala hakuichagua.

Yafaa msomaji ajue ni sehemu gani hasa tunayoichagulia rangi. Shimesikio ya kawaida ya mtoto ina kiwiliwili kinachoning'inia nyuma ya sikio, ndani yake mna maikrofoni, kikuza sauti na betri, na kutoka hapo sauti hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kalibu, yaani kile kipande laini kilichofinyangwa kwa umbo la tundu la sikio la mtu huyo peke yake. Kiwiliwili kina rangi yake, na kalibu ina yake. Kipandikizi cha koklea ni chombo cha namna nyingine: sehemu yake moja hutiwa na mpasuaji chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba wenye elektrodi 12, 16 au 22, kwa kadiri ya mtengenezaji, hupenyezwa ndani ya koklea, ambayo imejisokota kama konokono, ili uamshe mshipa wa kusikia kwa umeme. Sehemu hiyo haina haja ya rangi, kwa kuwa hapana atakayeiona. Ya pili ndiyo ya nje: prosesa iliyokaa juu ya sikio, waya mfupi, na koili ya mviringo mfano wa sarafu, ambayo hushikwa kichwani kwa sumaku na kupeleka habari za sauti ndani kwa mawimbi ya redio yanayopenya ngozi. Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza upasuaji huu mwaka 2017, wazazi wa Tanzania ambao zamani watoto wao hawakuwa na budi kupelekwa ng'ambo, hasa India, wamekuwa wakiulizwa swali hili la rangi papo hapo Dar es Salaam, katika lugha yao wenyewe, na kwa hivyo ni haki wapate jawabu lenye nadhari.

Tabia ya kuficha si yetu peke yetu, wala si ya jana. Mwaka 1819 fundi F. C. Rein wa London alimtengenezea mfalme João wa Sita wa Ureno kiti cha enzi ambacho mikono yake ilichongwa kwa sura ya vichwa vya simba vilivyofumbua vinywa; mwenye haja alipiga magoti, akasema ndani ya kinywa cha simba, na sauti ikapita katika mrija uliofichwa hadi sikioni kwa mfalme. Baadaye Uingereza palikuwa na pembe za kusikilizia zilizovikwa kitambaa cheusi ili zifuatane na nguo za matanga, na katika miaka ya 1950, chombo cha kwanza chenye transista kilipokwisha kutoka mwaka 1952 na vyombo kupungua ukubwa, mafundi walivitia ndani ya mikono ya miwani. Hebu tuiangalie miwani hiyo vizuri. Nayo pia ni chombo cha upungufu wa kiungo, nayo pia huvaliwa usoni mbele ya kila mtu, lakini leo mtu huingia dukani akajaribu fremu ishirini mbele ya kioo, akamwuliza rafikiye ipi inampendeza, na hakuna anayemhurumia. Mimi sioni sababu ya sikio kunyimwa furaha ambayo jicho limekwisha kupewa.

Nina jambo langu mwenyewe ambalo sina budi kulisema. Zamani kidogo niliagiza shimesikio mbili kwa ajili ya mtoto wa kiume wa miaka mitano, katika mji ulio ufukoni kabisa, na pale kwenye fomu palipoandikwa rangi nilitia alama ile rangi iliyopauka, bila ya kumwuliza yeye wala mama yake, kwa dhana kwamba jambo lenyewe ni dogo. Wiki ya tatu mtoto alikuwa akicheza na wenzake karibu na ngalawa, moja ikamtoka sikioni. Mama, wajomba na nusu ya mtaa waliitafuta tangu alasiri hata jua likazama, wakichekecha mchanga kwa viganja, nayo ilikuwa na rangi ya mchanga ule ule. Haikuonekana. Mtoto alikaa miezi minne na sikio moja lisilo na msaada, katika umri ambao kila neno jipya lina thamani, na lau chombo kile kingalikuwa cha waridi au cha buluu iliyokolea, pengine kingaliokotwa kabla ya maghrib.

Tangu siku ile mashauri yangu huanza na mahali pa kupotea: je, mtoto huyu hucheza juu ya nini? Kwa mchanga mweupe na zulia jekundu, kwa nyasi na udongo mwekundu wa bara, rangi ifaayo ni ile isiyofanana na ardhi anayokanyaga. Na kwa mtoto mdogo kamba ya usalama, ambayo ncha moja hufungwa kwenye chombo na nyingine hubanwa kwenye ukosi wa nguo, ni ya lazima, hata rangi ikiwa kali namna gani.

Mtu mzima, au kijana, ambaye kwa hiari yake ataka chombo kisionekane, ana haki yake, nami humwambia kwamba aache kuitazama ngozi, atazame nywele. Chombo hukaa kwenye mpaka wa nywele, nyuma ya sikio, na koili ya kipandikizi hukaa katikati ya nywele zenyewe. Kwa hiyo nyeusi, au hudhurungi iliyokolea, hupotea kabisa kichwani mwa wengi wetu, na mzee mwenye mvi atafichwa zaidi na kijivu au fedha. Mwanamke avaaye mtandio ana jambo jingine la kulipima mbele ya rangi, nalo ni kitambaa: pamba nyepesi huipitisha sauti vizuri, ilhali nguo nzito iliyokunjwa mara mbili tatu huzipunguza sauti nyembamba kama za s na sh, na kusugua maikrofoni kukaleta mchakacho. Kadhalika kofia iliyobana huweza kuisukuma koili ikatoka mahali pake.

Sasa nije kwenye rangi mbili ambazo hazina mchezo. Duniani kote, katika kazi yetu, nyekundu ni sikio la kulia na buluu ni sikio la kushoto. Katika odiogramu, ule mchoro wa kipimo cha usikivu, sikio la kulia huandikwa kwa duara nyekundu na la kushoto kwa mkato wa msalaba wa buluu. Na katika kila chombo, ukikigeuza mwangani, utaona alama ndogo kama punje ya mtama, nyekundu au buluu, mara nyingine imejificha kwenye mlango wa betri. Ya kulia ikivikwa kushoto, kalibu haitakaa, chombo kitapiga mluzi, na nguvu iliyopimwa kwa sikio moja itamwagwa katika jingine. Ndiyo maana mzazi apendaye rangi kali humshauri achukue chombo kizima chekundu kwa kulia na kizima cha buluu kwa kushoto, kwani hata mwalimu wa chekechea ataweza kuvivika bila ya kutafuta miwani yake. Ila asithubutu kuzipindua rangi hizo mbili kwa kuwa mtoto amependa hivyo.

Hapo pana mtego ambao sikuujua mpaka mama mmoja aliponifundisha. Betri za shimesikio zina stika za rangi zinazozuia hewa mpaka wakati wa kutumika, nazo hufuata saizi ya betri: manjano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, na buluu ni 675. Mama yule, ambaye nilimfundisha kwa makini kwamba buluu ni kushoto, alipoona stika za buluu kwenye betri zote alizopewa akazitia katika chombo cha kushoto peke yake, na cha kulia kikakaa kimya siku kumi na mbili. Alikuwa ameshika somo langu sawasawa. Somo ndilo lililokuwa na pengo.

Lakini lililo kubwa zaidi katika habari hii yote ni nani achague. Ubongo wa mtoto hujifunza kusikia kwa kusikia, na chombo kilicholala sandukuni hakimfundishi kitu. Alikuja kwangu msichana wa miaka tisa, ameletwa na bibi yake, na programu ya shimesikio yake ya zamani, ambayo huhifadhi hesabu ya saa, ikanionyesha kwamba aliivaa kwa siku muda usiotimia saa mbili. Nikampa pete ile mkononi. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, chukua hiyo nyeusi, itajificha." Mtoto hakujibu, alikishika kipande cha zambarau, akakileta karibu na kanga ya bibi yake, ambayo pindo lake lilikuwa la zambarau vile vile, akavilinganisha. "Na wakimcheka?" bibi akaniuliza. Nikamwambia kwamba iwapo watamcheka watamcheka kwa kitu alichokichagua mwenyewe, na kwamba kukitetea chako ni rahisi kuliko kukitetea ulichovikwa. Miezi mitatu baadaye hesabu ilisoma saa kumi kwa siku. Sisemi ni rangi tupu iliyofanya hivyo, maana kalibu mpya nayo ilikuwa haimuumizi. Lakini wakati huo bibi ndiye aliyeniletea habari kwamba wenziwe darasani walikuwa wakipokezana zamu ya kuitazama kwa karibu.

Wengi miongoni mwetu hawapewi pete ya kuchagua. Hupokea chombo cha msaada kwa rangi kilichokuja nayo. Hao nao wasikate tamaa, kwani kalibu hutengenezwa papa hapa na yaweza kuwa ya rangi moja, au mbili zilizochanganywa mfano wa marumaru, na ya mtoto mdogo hubadilishwa kila baada ya miezi michache sikio linapokua, basi kila mara ni nafasi mpya. Stika ndogo pia zafaa, maadamu hazizibi vijitundu vya maikrofoni, ambavyo si vikubwa kuliko ncha ya sindano. Rangi ya kucha, piko na hina zisiguse chombo kabisa, kwa kuwa zikikauka ndani ya vijitundu hivyo sauti haipiti tena. Mafuta ya nazi ya nywele hufanya uharibifu uo huo polepole. Na hapo chombo cheupe kina fadhila yake, kwamba uchafu huonekana mapema ukafutwa. Cheusi kisiachwe juani dirishani, maana weusi hunywa joto.

Nimalizie na mzee mmoja, fundi wa cherehani aliyestaafu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sawa na masikio yake. Vijana wake walimtakia kijivu, cha staha. Yeye akaomba vile vipande viwekwe juu ya leso nyeupe, akainama akavitazama kama atazamavyo nyuzi, akavisogeza vyote kando ila viwili, chekundu na cha buluu. Siku hizi, ameniambia mkewe, huvilaza usiku juu ya leso ile ile kando ya kitanda, chekundu upande wa kulia, na alfajiri, taa ikiwashwa, mkono wake hauendi kwingine.