Kumnyonyesha mtoto wa kuasili: maandalizi yaanze mapema

Mama aliyeasili mtoto anaweza kumnyonyesha, hata kama hajawahi kushika mimba. Wapo watakaolitilia shaka jambo hili, lakini si uganga. Titi huamrishwa kutengeneza maziwa na homoni, na homoni hizo huamka chuchu inaponyonywa au titi linapokamuliwa mara kwa mara. Aliyewahi kuzaa hupata maziwa upesi zaidi. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1998 unaeleza kuwa hata wanawake ambao hawajawahi kuzaa, na nyanya pia, wamewahi kunyonyesha watoto wasio wao.

Kabla ya yote, kapimwe virusi vya Ukimwi katika kituo cha afya kilicho karibu, na mtoto naye apimwe. Hatua hii isirukwe hata kama mtoto ni wa dada yako, kwa kuwa virusi huweza kupita kwenye maziwa.

Maandalizi yenyewe huanza wiki kadhaa kabla ya mtoto kufika. Mama hukanda matiti na kuyakamua kwa mkono au kwa pampu, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Siku za mwanzo hatoki hata tone, na wengi hukata tamaa hapo. Kwa kawaida maziwa huanza kuonekana kati ya wiki moja na sita.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 hairuhusu mipango ya kuasili kuanza kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Mtoto huyo huenda amezoea chupa, na kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kulikataa titi. Muda wa kumsubiri ndio muda wako wa kujiandaa. Shangazi au nyanya anayeachiwa kichanga kwa ghafla baada ya mama kufariki hana muda huo. Yeye na aanze siku ile ile, na taarifa zifike kwa chifu na ofisi ya watoto.

Mtoto akifika, hanyonyi titi tupu. Mhudumu wa afya humwonyesha mama jinsi ya kutumia mrija mwembamba safi: ncha moja huwa ndani ya kikombe cha maziwa ya kopo yaliyotengenezwa vizuri, nyingine hubandikwa kwa plasta kando ya chuchu. Mtoto hunyonya, anashiba, na papo hapo analiamsha titi. Maziwa ya mama yakiongezeka, ya kikombe hupunguzwa polepole, tena kwa kufuata uzani wa kliniki, si kwa kukisia. Akikojoa chini ya mara sita kwa siku au asipoongeza uzani, mrudishe kituoni mara moja. Maziwa ya ng'ombe hayafai kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Uji wa wimbi ni chakula kizuri kwa mama, nasi hatumkatazi mtu, ila hauwezi kuchukua nafasi ya kunyonywa. Dawa za kuongeza maziwa zisinunuliwe dukani bila daktari. Baadhi yake huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Wengi hawafikii kumlisha mtoto kwa maziwa yao pekee. Hilo si kushindwa. Kiasi kidogo kina kinga ndani yake, na mtoto anayelala kifuani humzoea mama haraka.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ilivyorekebishwa mwaka 2021 inampa anayeasili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi angalau siku 14 kabla ya mtoto kukabidhiwa. Ushauri wa kunyonyesha huanzia zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, na ikibidi utaelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.