Mbwa mkaidi hufunzwaje kutii bila kamba?

Na Mwandishi Wetu

MBWA anayetii akiwa amefungwa kamba bado hajathibitisha utiifu wake. Kipimo cha kweli huja pale kamba inapofunguliwa, paka akakatiza barabara, na mwenye mbwa akaita. Mbwa akigeuka, mafunzo yamefaulu. Asipogeuka, anaweza kuishia chini ya magurudumu ya gari au kumuuma mpita njia.

Kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa mbwa wenye hulka ya kujitegemea. Mmoja wao ni basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Jina lake lina undugu na neno la Kiswahili "washenzi", na sifa aliyopewa na watu wa nje haikuwa nzuri zaidi ya jina hilo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu akili za mbwa, mwanasaikolojia Stanley Coren wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, alimweka basenji nafasi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo, orodha hiyo ilitokana na maoni ya majaji wa mashindano ya utiifu. Ilipima wepesi wa mbwa kushika amri, haikupima uwezo wake wa kujiamulia mambo.

Si ujinga, ni urithi

Tofauti hiyo inaeleweka mtu akitazama kazi ya asili ya mbwa huyo. Mbwa wa mchungaji hufanya kazi huku akimtazama bwana wake na kungoja ishara. Basenji hutangulia msituni, mahali asipoonekana, akakurupusha wanyama kuelekea kwenye nyavu. Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo.

Mbwa wa namna hiyo akingoja kuambiwa kila hatua, mawindo yatakuwa yamekwisha kutoroka. Kwa vizazi vingi alithaminiwa yule aliyejua kuamua peke yake. Basi anapoitwa na asije, mara nyingi si kwamba hakusikia au hakuelewa. Amepima faida ya kurudi na faida ya kuendelea na safari yake, akachagua ya pili.

Hapo ndipo mafunzo huanzia. Mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alionyesha kwa majaribio ya paka kwamba kitendo kinacholeta matokeo mazuri hurudiwa, na kisicholeta faida hufifia. Kwa mbwa mkaidi, kurudi lazima kuwe na faida kuliko kukimbia.

Hatua kwa hatua

Mafunzo huanzia ndani ya nyumba, mahali pasipo na vishawishi. Neno moja fupi huchaguliwa, kwa mfano "njoo", nalo lisitumiwe kwa jambo jingine. Kila mbwa anapokuja hupewa papo hapo kipande cha nyama au kitu kingine akipendacho sana. Chakula chake cha kila siku hakitoshi kushindana na harufu ya panya.

Baada ya hapo mbwa hupelekwa uwanjani akiwa na kamba ndefu, yapata mita 10, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Akikurupuka akiwa amefungwa shingoni anaweza kujiumiza. Mwenye mbwa naye asiizungushe kamba hiyo mkononi, kwani inaweza kumkata.

Hapo mbwa huitwa, hutuzwa, kisha huachiwa aendelee kucheza. Jambo hili husahauliwa na wengi. Mbwa anayeitwa tu wakati wa kurudishwa nyumbani hujifunza upesi kwamba wito ni mwisho wa starehe, naye huukwepa.

Vishawishi huongezwa kidogo kidogo: kwanza watu, kisha mbwa wengine, hatimaye kuku au paka kwa mbali. Akishindwa, hurudishwa hatua moja nyuma. Kamba hufunguliwa pale tu anapokuja kila aitwapo, na mara ya kwanza iwe ndani ya uzio.

Makosa yanayoharibu kazi

Kosa kubwa ni kumpiga mbwa aliyechelewa kurudi. Yeye hukihusisha kipigo na kitendo cha mwisho alichofanya, yaani kuja. Siku nyingine hatakuja kabisa.

Kosa la pili ni kurudia wito mara nyingi hadi ukawa kelele tupu. La tatu ni kumfukuza anapokimbia, jambo ambalo kwake ni mchezo. Inafaa zaidi kukimbilia upande wa pili huku akiitwa kwa furaha, maana mbwa hupenda kufuata kinachokimbia.

Kujua mipaka

Samaki mkunje angali mbichi, na mbwa huanza vema akiwa mdogo. Lakini hata mafunzo mazuri hayafuti silika ya mwindaji. Ndiyo maana wafugaji wengi wa basenji hushauri mbwa huyo asifunguliwe kamwe karibu na barabara.

Kabla ya yote, mbwa apewe chanjo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Anayetaka mbwa wake awe huru mbele za watu ana wajibu wa kuhakikisha uhuru huo hauwadhuru.