Kifaru cha Jangwani Kigonsera: Kijiweni Wananiita Jenerali!

Wiki hii, msomaji wangu, weka kando habari za nani kamwacha nani. Twende zetu Kigonsera, kule Mbinga, kwenye baridi, kwenye mashamba ya kahawa na misheni iliyopo tangu 1899. Huko ndiko ninakoishi, na huko kijiweni wananiita Jenerali. Siyo kwa heshima. Ni kwa sababu mimi, kijana mzima na cheti changu cha kidato cha nne, napaka rangi vifaru vidogo vya plastiki.

Cheka umalize. Nakusubiri.

Kifaru chenyewe ni Matilda cha Waingereza, kile kilichopigana jangwani Misri na Libya mwaka 1940 na 1941. Mjomba alikikuta kwenye mtumba wa midoli Dar, boksi limechanika, vipande vyote vimo, ila rangi hakuna hata tone. Kipimo chake ni 1/35. Cha kweli kilikuwa na urefu wa mita 5.6 hivi na uzito wa tani zaidi ya 26. Changu ni sentimita 16 na paka anakiangusha.

Sasa rangi. Ukimwambia mtu rangi ya jangwa, anakimbilia njano ya kiini cha yai. Wapi bwana! Wajerumani walipoteremka Tripoli Februari 1941, vifaru vyao vilikuwa na kijivu cha Ulaya, ikabidi wavipake upya vifanane na mchanga. Waingereza wao walikuwa na rangi ya jiwe, nyepesi, na juu yake mistari mipana ya mshazari ya kijivu cha aina mbili, ili adui asijue mchuma unaanzia wapi na unaishia wapi. Mimi nilichukua rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, nikaitia njano kidogo na kahawia tone moja moja. Kabla ya hapo plastiki nikaiosha kwa sabuni, maana vidole vyetu vina mafuta na rangi haishiki.

Halafu kuna siri moja. Kitu kidogo kinataka rangi iliyofifia kuliko kile kikubwa. Ukisimama Mbamba Bay ukatazama milima ya ng'ambo, Malawi, unaiona ya bluu, tena hafifu, wakati ina miti ya kijani kama ya kwetu. Ni hewa iliyopo katikati. Na kifaru cha sentimita 16 ni kama cha kweli kinachotazamwa kwa mbali. Kwa hiyo ongeza nyeupe. (Na kama uko njia hiyo, pita Liuli. Wajerumani waliiita bandari ya Sfinksi kwa ajili ya mwamba unaofanana na ile sanamu ya Misri. Jangwa tunalo wenyewe jamani.)

Rangi ikishakauka, na Juni huku inachukua siku nzima, ndipo unaanza kukichakaza. Hapo ndipo raha ilipo. Kwanza unachukua rangi ya mafuta ya kahawia, unaizimua kwa mafuta ya taa mpaka inakuwa kama chai ya rangi, unaiachia itiririke kwenye pembe na kuzunguka misumari. Usitumie tina, itakula plastiki. Halafu brashi kavu, karibu haina rangi, unapitisha kwenye kingo mpaka zing'ae. Michubuko ya chuma ni kipande cha sponji ya godoro, unagusa tu, na unga wa penseli unasugua kwenye minyororo. Kutu usiweke nyingi. Jangwani hakuna mvua, na mchanga unasugua chuma kama msasa.

Vumbi ndilo lililonipa shida. Udongo wa Kigonsera ni mwekundu, ukiupaka kifaru kinakuwa kimetoka Mbinga, siyo Libya. Mchanga wa ziwani nao ni mkubwa: punje ya milimita moja kwa kipimo changu ni jiwe la sentimita 3.5! Nikaishia jikoni kwa bibi, majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, na chokaa kidogo. Bomba.

Nilipokuwa bado sijaanza michubuko, babu akaja kukaa pembeni. Babu ni mwanajeshi wa zamani, alikuwa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Habari za vita haongei. Ukimuuliza anakwambia kalishe mbuzi. Siku hiyo akakishika kifaru, akakigeuza.

"Mjukuu wangu, askari wanapandia wapi?"

Nikamwonyesha.

"Basi pachubue hapo. Na hapo anapokaa mwenye redio. Kwingine acha. Chuma hakichakai pasipoguswa."

Nikachubua alipoonyesha. Akaniambia walivuka Mutukula wakitembea nyuma ya vifaru vya Mchina, vya kijani, lakini baada ya siku mbili hukuijua kijani, vyote vyekundu kwa vumbi, na watu vilevile, ungemtambua mwenzako kwa sauti. Alikuwa na rafiki wa Nyasa aliyekuwa anaimba muda wote njiani. Kabla ya kufika Masaka akawa haimbi tena. Babu hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Kesho yake asubuhi, nampa shikamoo, yeye anauliza bei. Nikamwambia babu, hiki si cha kuuza. Akasema hataki hicho cha Waingereza, anataka cha Mchina, cha kijani, na vumbi nichukue hapo nje mlangoni, ndilo lenyewe.

Boksi la kifaru hicho sijui nitalitoa wapi, na mfukoni mshiko hakuna. Kwa hiyo nachonga kwa mbao ya msonobari, ya fundi jirani. Jana babu alipita akanisimamisha: magurudumu ni matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi kubwa kuliko zilizobaki. Nikatafuta picha kwenye simu, kweli kabisa, ndivyo ilivyo. Zaidi ya miaka arobaini hajaisahau.

Mpaka naandika haya nimemaliza magurudumu saba. Bado matatu.